Masikio Yangu Hayaendi Hospitali

Kuna asubuhi moja ya mwezi wa sita, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo masikio yangu yanapata moto. Usicheke nikikuita mwanangu. Mimi niko kidato cha nne, wewe umeingia juzi na tranka jipya linalonuka rangi. Hapa shuleni hiyo ni tofauti ya babu na mjukuu. Tena jana nilikuona kwenye foleni ya uji, umevuta kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, na jua lote hili la Same, ukidhani hatujui unaficha nini. Mimi nilijua. Kofia ya namna hiyo nimeivaa kabla yako. Kaa chini nikusimulie.

Masikio yangu hayakukaa kichwani kama ya watu wengine. Yametoka yakaangalia mbele, kama mtu aliyesikia jina lake linaitwa. Kidato cha kwanza waliniita Dishi. Lakini Gudilaki, anayekaa dawati la nyuma yangu, akapinga: dishi huwa moja, huyu anayo mawili, kwa hiyo huyu ni Kombe. Unalijua kombe la mpira, lile lenye mikono miwili ya kushikia? Basi. Kila timu ya darasa letu iliposhinda walininyanyua mimi, mmoja kashika huku, mwingine kule, tukazunguka uwanja. Nilicheka nao. Mimi ni mtu wa utani, na mtu wa utani akinuna hana kazi tena. Ila nilipopita peke yangu kwenye dirisha la maabara nilisimama, nikayabana masikio kwa vidole, nikamwona kijana mwingine kabisa kwenye kioo. Kijana mzuri, mwanangu! Nikamwonea wivu.

Sasa, likizo ya mwezi wa sita, shangazi yangu anayeishi Dar es Salaam akapiga simu nyumbani kwetu Myamba, huku milimani. Akasema amempata daktari anayerekebisha masikio. Anapasua kidogo kwa nyuma, anakunja lile gegedu, anashona, unafungwa bandeji kichwani kama umeanguka na bodaboda, na baada ya wiki chache za kulala na kitambaa cha kubana, umekwisha kuwa mtu. Akatuma na picha, kabla na baada. Yule wa kabla alikuwa mimi mtupu. Yule wa baada alikuwa kijana wa dirisha la maabara.

Nikasema ndiyo hata kabla hajamaliza sentensi. Ikapangwa shangazi aje Ijumaa, Jumatatu tuteremke wote, na kabla ya jioni kijiji kizima kilikuwa na habari.

Ila mimi sina subira. Nikawaza: kama baadaye nitalala na kitambaa cha kubana, kwa nini nisianze mapema? Huenda yakazoea yenyewe, daktari akakuta kazi imekwisha. Nikakata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, nikapakia pamba juu ya masikio, nikazungusha mpira mara mbili, juu yake kofia. Nikalala kama mfalme. Sikusikia kuku wala mbwa.

Kwa wewe wa kutoka tambarare, ngoja nikueleze. Kwetu maji ya kumwagilia yanatoka kwenye ndiva, bwawa la udongo tunalolijaza kutoka mtoni na kulifungulia kwa zamu. Likijaa tope panaitwa msaragambo, yaani kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Na haitumwi barua. Alfajiri mzee mmoja anasimama kwenye jabali anapuliza pembe, bonde zima linasikia. Nyumba isiyotoa mtu bila sababu inarukwa zamu ya maji, na waliofanya kazi wakirudi wanapita hapo wakiimba na kuondoka na kitu cha mwenye nyumba. Baba yangu yuko kazini kwenye mashamba ya mkonge huko chini, kwa hiyo jembe la nyumba yetu ni mimi.

Pembe ikalia. Mimi nimelala. Bibi yangu, mama wa baba, alidhani nimekwisha kwenda, maana chumba changu kiko peke yake nyuma ya jiko. Mama alikuwa ameshuka sokoni.

Nilikuja kuamshwa na mlango kupigwa teke. Nikatoka. Uani walikuwa wanaume kama ishirini, matope mpaka magotini, wanaimba. Wimbo ukakatika katikati.

"Mbonea," akasema mwenyekiti wa ndiva, "umevunjika kichwa?"

"Hapana, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa hiyo tairi inayochungulia chini ya kofia ya nini?"

Mmoja akanyoosha mkono, akanivua kofia, akaona pamba. "Jamani, amefungasha masikio! Anasafirisha!"

"Yanaenda wapi?"

"Yanaenda Dar, yamechoka kusubiri!"

Walicheka mpaka wengine wakakalia majembe. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Akamwambia Bibi aliyekuwa amesimama mlangoni, "Mama, tulidhani huyu kijana anaumwa. Kumbe mzima. Zamu yenu ya Alhamisi mmerukwa. Na jogoo tunaondoka naye."

Bibi hakuomba. Alisema tu, "Mchukueni. Ni yule mwekundu." Wakaondoka wanaimba wimbo mpya, nami nilikuwa ndani yake, na pale kwenye kiitikio walikuwa wanavuta masikio yao wenyewe. Tangawizi yetu ikakaa juma zima bila maji, majani yakageuka rangi, na kila nikipita shambani niliona aibu mbele ya mmea.

Bibi akaniita jikoni.

"Vua huo mpira."

Nikavua. Masikio yakarudi mahali pake papo hapo, kama hayajawahi kufungwa. Bibi akayatazama muda mrefu. Nikajua sasa ananibembeleza. Bibi wote duniani hufika hapo: ataniambia mimi ni mzuri, Mungu hakukosea, haya masikio ni ya babu yako.

"Bibi," nikamsaidia kuanza, "yamekaa vibaya."

"Ndiyo," akasema. "Yamekaa vibaya. Kwa hiyo?"

Mwanangu, nilikosa pa kushika.

"Kwa hiyo wananicheka."

"Wanakucheka, ndiyo. Kwa hiyo?" Akageuza kande kwenye chungu. "Mimi mguu wangu mmoja ni mfupi tangu nizaliwe. Nimepanda na kushuka mlima huu na mzigo wa ndizi kichwani. Walionicheka walikuwa wanacheka wakiwa nyuma yangu, maana nilikwisha wapita. Sasa niambie. Huyo daktari akishakukata, atafurahi nani?"

Nikafikiri kwa dhati. Jibu nililolipata lilinitia aibu. "Gudilaki, Bibi. Anakaa nyuma yangu darasani."

"Ana uso gani, huyo Gudilaki?"

"Ana pua kama kiazi mviringo."

"Yeye anaenda lini hospitali?"

Nikacheka mpaka machozi. Bibi hakucheka. Akaninyooshea mwiko. "Nisikilize. Ukienda kwa sababu yako wewe, nenda, nitakufungashia tangawizi umpelekee daktari. Lakini ukienda kwa sababu ya mtoto mwenye pua ya kiazi, leo atakukata masikio, kesho atakwambia kidevu. Utamaliza mwili wote. Na kesho kutwa ukisikia pembe, nenda kaombe msamaha, na uchimbe mara mbili."

Nilikwenda. Nilichimba mara mbili. Walinicheka mara nne.

Ijumaa shangazi akafika, viatu vya mjini vyekundu kwa vumbi. Baada ya chakula tukakaa, yeye, Mama, Bibi na mimi.

"Mbonea, nimekwisha zungumza na daktari. Jumatatu alfajiri tunaondoka."

"Shangazi, siendi."

Akacheka kwanza. Halafu akaona sicheki. "Unaogopa sindano?"

"Naogopa, ndiyo. Lakini siyo hiyo. Siumwi, shangazi."

"Utakuja kulia. Wewe ni kijana, huelewi. Kesho unatafuta kazi, kesho unatafuta mchumba. Msichana gani atakutazama?"

"Atakayenikataa kwa masikio atakuwa ameniokolea muda."

"Msikieni! Mama Mbonea, ongea na mwanao!"

Mama alikuwa anaangalia mikono yake. Akasema polepole, "Ni mimi niliyemwomba shangazi yako atafute daktari."

Hapo utani ukaniisha mdomoni. Ndipo nikakumbuka kwamba nyumbani hakuna picha yangu ya utotoni isiyo na kofia. Picha ya ubatizo, kofia. Sikukuu ya kuzaliwa kwa mjomba kule Bendera, tambarare, na joto lote lile, kofia. Miaka yote nilidhani Mama anaogopa nisipate mafua.

"Mama, hata wewe?"

"Sikutaka uchekwe, baba." "Ulipozaliwa, wanawake waliokuja kunitazama walikufunua, wakatazamana. Niliona. Tangu siku ile nikawa nakufunika."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Lakini sikurudi nyuma. "Mama, nimekwisha chekwa. Darasani, uwanjani, kwenye ndiva na wimbo juu. Hakuna kicheko kipya kilichobaki. Ulichokuwa unakiogopa kimekwisha nipata na niko hapa nimeshiba makande. Usinifunike tena."

Shangazi akasema huo ni ukaidi. Nikasema ndiyo, ni ukaidi. Akamtazama Bibi apate msaada. Bibi akaomba aongezewe chai. Mama akasema, "Basi. Kichwa ni chako." Jumatatu shangazi aliteremka peke yake, na simu zangu hakupokea mpaka mahindi yakavunwa.

Nisikudanganye kwamba shule ilipofunguliwa walininyamazia. Gudilaki alipaza sauti tangu getini: "Kombe limerudi!" Nikamjibu, "Ndiyo, limerudi. Kwa hiyo?" Akarudia kwa sauti zaidi. Nikamjibu vilevile. Mara ya tatu akabaki mdomo wazi, anatafuta mahali pa kupeleka utani wake. Bado wananiita Kombe. Wewe mwenyewe umekwisha nisikia nikiitwa, na uliona nikigeuka na kuitika.

Basi mwanangu, wosia wangu huu hapa, na usimwambie mwalimu wa nidhamu kwamba mimi hutoa wosia. Masikio hayajifundishi kwa mpira wa baiskeli. Yanakukosesha tu kusikia watu wanaokuhitaji. Upasuaji wenyewe si dhambi. Kama sikio lilichanika kwenye ajali, kama ulizaliwa nalo halijakamilika, au kama umekaa na moyo wako ukiwa peke yako, hakuna wa kukucheka karibu, na bado unataka, nenda na uende kifua mbele. Yeyote atakayekusema kwa hilo, mlete kwangu. Lakini usiupeleke mwili wako kwa daktari ili kuliridhisha dawati la nyuma. Dawati la nyuma halishibi. Na wakikuambia umekaa vibaya, usianze kujitetea kuwa umekaa vizuri, utapoteza siku. Kubali, kisha uwaulize wanataka uwape nini. Hawana orodha. Nimewauliza.

Nenda sasa, kengele imelia, na kofia hiyo ivue kwa mkono wako mwenyewe, mimi sikuvui. Mungu akupe shingo ngumu na marafiki wachache. Wasioelewa wapate kukuzoea. Na Yeye akuzeeshe, mwanangu, mpaka masikio hayo yaongezeke ukubwa na kuota nywele ndani, na wajukuu wako wagombane ni nani leo atazivuta. Amina.