Video Huishia Kifaru Kinapowaka

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo wanaosema ni mvivu wa safari, lakini hao ni majirani zangu wa Chanji na sioni sababu ya kuwakubalia kila kitu. Mbali kabisa nilikowahi kufika ni Mbeya, nikarudi kesho yake kwa kulikumbuka godoro langu. Upepo wa Sumbawanga ukianza kukata masikio, navaa sweta juu ya sweta, nasogeza kiti jikoni karibu na mkaa, nawasha simu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtaalamu wa vita bila kuvuka hata mto.

Utaalamu wangu ulikuwa kwenye kombora lile la kubebwa begani, la kupigia vifaru. Nilitazama video zake mpaka simu ikawa inaniletea zenyewe kabla sijaomba. Saluni ya kinyozi ikawa darasa langu. Nikawaeleza waliokuwa wakisubiri zamu kwamba kifaru kimevaa chuma kinene mbele, lakini juu ni chembamba. Kombora la siku hizi halihangaiki na mbele. Linapanda, halafu linashuka paani, kama mwizi aliyeona mlango una makufuli matatu akaamua kufunua bati. Mtu mmoja kichakani, kitu cha kubeba begani, na lile dude zima linawaka. "Kifaru kimekwisha," nilikuwa nahitimisha, na kwa kuwa nilisoma mpaka kidato cha nne, hakuna aliyebisha.

Sasa, mwana wa dada yangu ni mwanajeshi. Dada ni mkubwa wangu, mjane, analima mahindi na ulezi kijijini Kaengesa, na huyo ndiye mtoto wake wa pekee. Siku moja alikuja kwangu, akakaa bila kuvua kitenge cha mabegani.

"Mwanao amepiga simu," akasema. Kwetu mtoto wa dada ni wako pia, hasa akiwa na tatizo. "Amefundishwa hilo kombora unaloliimba kila siku. Kikosi chake kinasafiri mwezi ujao kwenda vitani. Wewe unayejua, niambie. Atarudi?"

Mtu mwenye akili angesema hajui. Mimi nilimwonyesha video. Vifaru vitatu, kimoja baada ya kingine. Nikamwambia mwanawe ameshika upande wa kushinda, aliyemo ndani ya kifaru ndiye wa kuhurumiwa. Dada akatazama mpaka mwisho, akavuta pumzi ndefu, akaniomba chai. Nikajiona nimefanya kazi ya maana kuliko zote tangu mwaka uanze, na huenda ni kweli, maana sikuwa nimefanya nyingine.

Kilichofuata nilikipata baadaye. Dada ni mtu wa jumuiya, zile familia za jirani zinazokutana kusali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi, na kila mmoja hutoa nia yake, wote wakaiombea. Tangu mwanawe aingie jeshini, nia yake ilikuwa moja tu. Jumamosi ile alisimama akasema, "Wa kwangu tumpumzishe. Mjomba wake amesema vifaru vimekwisha. Tumwombee ng'ombe wa jirani, hajasimama tangu Jumatano." Wakamwombea ng'ombe, na ng'ombe akasimama.

Mpwa wangu alipopata likizo fupi ya kuaga, nikajikaza nikaenda Kaengesa. Tulikuwa uani tukipukuchua mahindi, dada kaenda kisimani.

"Shikamoo mjomba. Naona jemadari amenenepa."

"Marahaba. Ni sweta."

"Nasikia umemaliza vita." Alikuwa anacheka, lakini mikono yake iliendelea na gunzi. "Nimekutana na mwenyekiti wa jumuiya njiani. Ananiambia siku hizi hawaniombei, wanamwombea ng'ombe."

Nikaanza kueleza habari za paa la kifaru. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akainuka, akachukua mchi wa kinu, akauweka begani, akapiga goti.

"Video zako huwa zinaishia wapi, mjomba?"

"Kifaru kinapowaka."

"Sawa. Wewe kuku, toka hapo nyuma." Kuku hakutoka. "Huyo keshakuwa mchuzi. Hili dude linatema moto na nyuma pia. Vumbi linapanda, na kila mwenye macho anajua nilipo. Kifaru nacho hakitembei peke yake. Kina wenzake, kina askari wa miguu, na juu kuna vile vidude vinavyoruka vikipiga picha. Kama kombora ni la aina ya zamani, sitakiwi hata kuondoa jicho mpaka lifike. Nahesabu pumzi nikiwa nimepiga goti hivi."

"Lakini linafanya kazi," nikasema.

"Linafanya sana. Kwa hiyo na wao hawalali. Wanaweka vichanja vya chuma juu ya vifaru, kama banda la kuku. Na waliokosa, mjomba, nani anarusha video yao?"

Nikatazama mchi. Katika video zote zile sikuwahi kujiuliza aliyepiga alikwenda wapi. Nilidhani anabaki pale, kama mimi, akitazama.

"Mama nikimwambia mimi hatalala," akasema, akiurudisha mchi kinuni. "Wewe ndiye uliyemtuliza. Mimi naomba kitu kimoja tu. Nia yangu irudishwe."

Sijawahi kuombwa kitu kidogo kilichonilemea vile. Dada aliporudi na ndoo, nilimpokea, jambo ambalo lenyewe tu lilimshtua.

"Dada, nilikuambia uongo," nikasema. "Siyo wote. Kombora linapiga kweli. Ila baada ya kupiga mambo hayajaisha, na mimi hiyo sehemu siijui."

Aliketi kwenye gunia. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Akamtazama mwanawe, akaniuliza mimi.

"Akishapiga anafanya nini?"

"Anakimbia," mpwa akajibu.

"Na ndani ya kifaru wanakaa wangapi?"

"Watatu, mama. Wanne."

Akachukua gunzi akaanza kupukuchua. Tulimaliza gunia zima.

Jumamosi niliamka mapema nikaenda kusali na jumuiya ya dada, nikakaa karibu na mlango ambako wasiozoea hukaa. Mpwa alikuwa ameondoka siku mbili kabla. Zamu ya dada ilipofika alisimama, akashika ukingo wa meza.

"Mwanangu mrudisheni," akasema. "Tumwombee miguu. Iwe myepesi." Wengine wakadhani amemaliza, wakavuta pumzi ya kuitikia. "Na wale wengine. Watatu, au wanne."

Mwenyekiti akauliza ni wengine gani, ili watajwe vizuri.

"Siwajui," dada akasema. "Endelea tu."

Wakaitikia kwa pamoja, twakuomba utusikie. Mimi nilichelewa kidogo, sauti yangu ikasikika peke yake mwishoni, na hakuna aliyegeuka kunicheka.