Siku Mtaa Ulipomhamisha Mama Mkubwa

Mimi ni mtu wa miaka arubaini na sita niliyekwisha kuishi miji saba, kwa hiyo nikisema nasafiri kwa dharura watu hucheka. Safari hii ilikuwa dharura kweli. Bi Asha, jirani yetu wa Mkunazini, alinipigia simu Tanga akaniambia mvua ya masika imenyesha Unguja siku nne mfululizo, na ukuta wa nyumba ya mama mkubwa umepasuka tangu juu hadi chini.

"Hataki kutoka," alisema. "Yumo edani, na eda ya mumewe haijaisha. Njoo wewe aliyekulea, labda atakusikia."

Dar es Salaam nililala usiku mmoja tu. Asubuhi nilipanda boti, na tulipokaribia bandari ya Malindi bahari ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kwa udongo ulioshuka na mvua.

Saa tatu na nusu nilikuwa nikitembea mitaani, viatu mkononi. Kila nikirudi hutafuta kwanza harufu ya karafuu na kahawa niliyoiacha utotoni. Safari hii nilikuta harufu ya chokaa iliyorowa. Lakini hakuna aliyekaa kulalamika. Watu walikuwa wakizibua mitaro kwa majembe, wengine wakipanga magunia ya mchanga mbele ya milango ya wazee wasio na mtu.

Nyumbani nilimkuta mama mkubwa, Bi Mwanajuma, amekaa juu ya mkeka chini ya ufa wenyewe. Ungeweza kutia kiganja ndani yake.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kunitoa?"

"Naam."

"Basi rudi na boti ya mchana. Nshasema, sitoki. Nimekaa miezi mitatu, leo niivunje eda ya marehemu kwa ajili ya mvua?"

Hapo nikafanya kosa. Nilimshika mkono nikamvuta. Bi Asha, aliyekuwa amekaa naye, alinipiga kofi la mkono kabla mama mkubwa hajafungua mdomo.

"Wewe! Mtu wa eda havutwi kama mbuzi wa sikukuu. Kaa pembeni."

Saa tano akaja Fundi Haji, fundi wa nyumba za mawe, akitokea Mwanakwerekwe, suruali imelowa hadi kiunoni. Hakuingia alipokaa mwenye eda. Alibaki nyuma ya pazia, akagonga ukuta kwa vidole, akasikiliza.

"Nani kapiga saruji hapa?"

Miaka miwili nyuma nilirudi nikaupaka ukuta ule saruji kwa mikono yangu, nikajisifu mtaa mzima.

"Mimi," nikasema.

"Yakhe, ukuta wa mawe na chokaa unapumua. Wewe umeuvisha nailoni! Maji yameingia kwa juu, hayana pa kutokea." Kisha akapaza sauti kwa adabu: "Bi Mwanajuma, mimi sikutoi. Nakwambia tu, ukuta huu hauioni magharibi."

"Na eda yangu?"

"Tushamuuliza imamu," Bi Asha akadakia. "Nyumba ikihofiwa kuanguka unahamia ya jirani, unaendelea huko huko."

Mama mkubwa alijitanda upya kanga yake. "Na macho ya watu njiani?"

Kumbe lilikuwa hilo. Tangu nifike sikuwa nimemuuliza.

"Hilo tu?" Bi Asha akacheka. "Nipe nusu saa."

Baada ya sala ya adhuhuri wanawake wanane walisimama mlango wa nyuma na mashuka. Mawili walishika kulia, mawili kushoto, na moja juu, kwa sababu ya watu wa madirishani. Fundi Haji alikwisha kuamrisha umeme uzimwe na njia ya upande wa ufa ifungwe kwa kamba. Mama mkubwa alitoka na dawa zake za presha na mfuko wa hati. Alipouliza kuhusu kasha lake, fundi alimjibu kwa mbali, "Kasha halina roho, bibi."

Wanaume wote waliokuwa barazani, na mimi nikiwa miongoni mwao, tuligeukia ukutani. Chumba kile cha mashuka kilipita nyuma yetu polepole, kikielekea nyumba ya Bi Asha.

"Asha, punguza mwendo! Unanikimbiza kama mwizi!" sauti ikatoka ndani yake. Mtaa mzima ulicheka, nyuso ukutani.

Alasiri ilikuwa bado haijaadhiniwa ukuta uliposhuka. Mlio wake niliusikia kifuani. Vumbi halijatulia, Bi Asha alianza kuita majina nyumba kwa nyumba.

"Naam!" "Naam!" "Naam!"

"Mzee Suleiman?" Hakuna jibu. "Mzee Suleiman!"

"Naam! Nimo chooni, hebu niacheni!"

Mkeka wa mama mkubwa ulikuwa chini ya mawe.

Kesho yake ndipo nilipomuuliza Fundi Haji, "Na kwako je?" Kwake maji yalikuwa magotini, mkewe na watoto wako Tunguu kwa shemeji yake. Alikuwa ameiacha nyumba yake ndani ya maji akaja kusikiliza ukuta wetu. Tulikwenda Mwanakwerekwe watu kumi na wawili na ndoo. Tulimwaga maji, tukatoa matope, na maji ya kunywa tukayachemsha yote, maana visima vilikuwa vimechanganyika na vyoo.

"Nyumba hii ni ya matofali," fundi alinitania. "Hapa saruji yako ingefaa."

Siku ya nne nilipanda boti ya kurudi. Nimekwenda miji mingi nikiwaeleza watu kuhusu nyumba zetu za mawe na milango yake. Watu wenyewe nilikuwa nawasahau. Nimejifunza kumuuliza mtu anachoogopa kabla ya kumshika mkono, na kumuuliza fundi kabla ya kushika mwiko.

Ndani ya basi la Tanga, abiria wa pembeni yangu alisikia natoka Unguja.

"Nasikia nyumba imeanguka huko. Wamekufa wangapi?"

"Hakuna."

"Aa," akasema, akigeukia dirisha. "Basi si habari."

"Ndugu yangu," nikamwambia, "hiyo ndiyo habari. Kaa vizuri nikusimulie."