Nilivyokwenda Mombasa Kuingiza Jina Kitabuni

Nilikwenda Mombasa ili jina langu liingie kitabuni. Sababu ni hiyo, sina nyingine. Mimi ni Karisa, mchimba mawe wa Mazeras. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini kuna nyumba za wakubwa huko Nyali ambazo ua wake umetandikwa mawe niliyoyachonga kabla sijaweza kununua viatu. Basi alipokuja kwetu binti wa chuo kikuu, Rukia, akitafiti wazee wa kiume wanavyoishi majumbani mwao siku hizi, akatia majina yetu ndani ya kofia na kulitoa langu, mimi sikusema ni kura. Nilisema nimechaguliwa.

"Utaandikwa kitabu gani, cha polisi?" aliuliza Mwero, kinyozi wetu, wembe ukiwa shingoni mwangu.

"Cha chuo kikuu! Utakisoma mwenyewe, uwasomee na wateja wako."

Kibanda kizima kikacheka. Nikatoka kifua mbele.

Jumamosi asubuhi nilivaa suti niliyovaa nilipomwoza mwanangu. Mke wangu Kadzo, ambaye magoti yanamsumbua, aliniangalia toka kitini.

"Ukifika usipayuke."

"Nitasema yaliyo kweli."

"Hayo ndiyo ninayoyaogopa."

Njiani nilikaa mbele, ndani ya lori langu mwenyewe lililokuwa likipeleka mawe Kizingo. Tulipofika Kibarani nilitaka kushika pua kwa mazoea, maana pale palikuwa jaa la taka. Kumbe sasa watu wanapunga upepo na kupiga picha! Nikamwambia dereva, "Ikiwa jaa limepandishwa cheo, mimi nitashindwa?"

Makadara nilishuka, kwa kuwa lori halipenyi vichochoro vya Mji wa Kale. Nikachukua tuktuk.

"Mzee, waenda harusini?" kijana aliyeiendesha akauliza, akiitazama suti.

"Naenda kuandikwa kitabuni."

"Basi nishikilie vizuri usukani, nisije nikamwaga kitabu."

Mji wa Kale, Rukia alitupokea kwenye nyumba ya bibi yake, sebule ya juu. Tulikuwa wazee sita, kila mmoja katoka mtaa wake. Bibi akatuletea kahawa chungu na kaimati za moto. Nilikuwa nimetia moja mdomoni Rukia alipoanza.

"Babu zangu, karibuni sana. Majina yenu hayataandikwa popote. Kila mmoja ajichagulie jina jingine. Na maneno ya mwenzako yabaki humu humu."

Kaimati ilinikwama. Nikasimama. "Unasemaje?"

"Ndiyo desturi ya utafiti, babu. Humlinda anayesema."

"Mimi nimelindwa na nani tangu nizaliwe? Andika! Karisa, tena kwa herufi kubwa!"

Mzee mmoja, mwenyeji wa pale (jina lake silitaji, na kofia yake siielezi), akanivuta koti. "Wewe bwana, wataka jina la nini, wagombea kiti? Keti, kahawa yapoa."

Rukia hakubishana. "Hulazimishwi, babu. Ukitaka kwenda, hakuna lawama."

Niliutazama mlango. Akilini nilimwona Mwero na wembe wake, akinicheka. Kurudi bila jina ni aibu. Kurudi hata bila kufungua mdomo ni aibu mbili. Nikaketi.

"Basi niandike Simba wa Mazeras."

"Watakujua, babu."

"Andika Sultani."

"Sultani ni mimi," akasema yule mzee. "Wewe uitwe hiyo unayotafuna."

Nikawa Mzee Kaimati. Watu wazima tulicheka kama watoto wa madrasa, na ajabu ni kwamba nilijiona mwepesi, kama aliyevuliwa ile suti.

Rukia akaweka simu mezani inase sauti, akauliza, "Hebu nielezeni siku moja nyumbani kwenu, tangu mwamkapo." Halafu akanyamaza. Mimi nilizoea maswali ya ndiyo na hapana, kama ya watu wa sensa. Hili lilikuwa limeachwa wazi kama lango. Akangoja. Nami kimya sikiwezi. Mahali pakiwa kimya, mimi hujaza.

Nikasikia Mzee Kaimati akisema kwamba mkewe magoti yamemkataa, na kwamba anayepika ni yeye. Hujifungia jikoni, na jirani wakiuliza ni harufu gani hiyo, hujibu kwamba mkaza mwana kaleta chakula. Akasema wali wake wa nazi hauna mpinzani. Akasema akikaa juu ya mbuzi kukuna nazi, huimba. Akasema pia, na hili sikujua litatoka, kwamba tangu ashike mwiko yeye na mkewe wamezungumza kuliko miaka yote ya mawe.

Waliyosema wenzangu nimeyafunga. Nitasema tu kwamba bibi wa nyumba alipanda ngazi kutuuliza kama kahawa ile imetulevya.

Alasiri nilirudi Makadara kwa miguu. Nikanunua bizari na iliki, nikazishika mkononi mchana kweupe, nikapiga mluzi mpaka lori likanikuta.

Nilipofika kwetu, Mwero alikuwa mlangoni pa kibanda na wateja wake.

"Haya, msomi! Jina limo?"

"Halimo."

Walicheka mpaka wengine wakashika kuta. Nikafanya alivyofanya Rukia: nikangoja. Kicheko kikaisha, kimya kikaingia, na Mwero hakukiweza.

"Sasa ulikwenda kusema nini huko?"

"Kwamba napika. Kila siku, mimi Karisa. Mkaza mwana hajatuletea hata chumvi."

Mwero alinitazama, akawatazama wateja, akanisogelea kama anayekagua ndevu.

"Hebu niambie," akanong'ona, "wali wako waufanyaje usishike chini?"

Nimejifunza hivi. Ukitaka mtu aseme kweli, mpe jina la kujificha, muulize swali lililo wazi, kisha ufunge mdomo wako. Na kweli ikishatoka mara moja, mara ya pili haihitaji tena kujificha. Leo nimepika samaki wa kupaka. Kadzo anasema chumvi imezidi, lakini amekula vipande vitatu. Mwenye kubisha na aje aonje.