Bata wangu kafutwa kwa ajili ya dume lililokonda

Leo nimesema "asante baba" huku moyo unawaka.

Wiki tatu nacheza gemu ya bata tarishi. Anapeleka barua mawinguni, analipwa karanga. Upuuzi mtupu, lakini ule muziki wake wa marimba, jamani!
Nilibakiza barua moja tu nimalize.

Baba mkubwa kaja kutoka Nyamahanga. Yeye ana kitochi, kwa hiyo kaazima simu yangu, kakaa nayo saa nzima, atumiwe video ya dume la ng'ombe analotaka kununua.

"Simu ilisema imejaa, nikamfuta yule bata wako."

Wiki TATU.

Video kaitazama mara moja.
"Limekonda. Silitaki."

Ningemwambia nini? Nyie mngesemaje?

Kaondoka zake anapiga mluzi.
Wimbo wa bata. Wote, hadi mwisho.