Fundi Asiye na Futi

Miaka ishirini na sita katika karakana, na hajawahi kumiliki futi, ule mkanda wa chuma wa kupimia ambao kila fundi huuchomeka kiunoni kama askari na bastola yake. Ukimwuliza kabati lile lina upana gani, atakuonyesha kijiti. Ukimwuliza kijiti hicho kina urefu gani, atakujibu, "Wa kabati lile." Kisha atakugeuzia mgongo arudi kwenye kazi, akuache na swali lako kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiye wake.

Wote humo wanamwita Shangazi, hata mafundi waliomzidi umri. Kwa damu ni shangazi wa mtu mmoja tu: mwenye karakana, mtoto wa marehemu kaka yake. Hao wengine wamelizoea jina, kama walivyozoea vumbi la mbao kwenye chai.

Meza yake iko mwisho kabisa, karibu na choo, chini ya dirisha lililovunjika kioo likazibwa kwa kipande cha plaiwudi. Ukuta wa nyuma umejaa vibao. Mgeni akiviona hudhani ni takataka zilizokosa mtu wa kuzitupa: vipande vya pembe tatu, vipande vyenye matundu, vipande vilivyogongelewa mbavu pembeni, vyote vikining'inia kwenye misumari mikuukuu inayovitia madoa ya kutu. Lakini kimoja hushika kona ya sanduku isipinde wakati gundi inakauka. Kingine huelekeza msumeno, ukitaka usitake uende sawa. Kingine, kidogo kuliko kiganja, huonyesha mahali pa kutoboa tundu la bawaba, na tangu kilipotengenezwa hakuna mlango uliotoka mezani kwake ukiwa umelegea upande. Vibao hivyo havina namba hata moja. Vina michoro ya penseli tu: mlango, kitanda, rafu, droo.

Mambo hayo hayakuanza kwa werevu. Yalianza kwa kunyimwa.

Alikuja hapo akiwa na miaka thelathini na mmoja, ametoka kwenye ndoa akiwa na begi moja na bila hamu ya kusimulia. Kaka yake alimpa ufagio. Ulikuwa ufagio mfupi, wa kuinamia. Wiki ya tatu aliomba kuazimwa futi apime rafu ya chumbani kwake, na fundi mmoja kijana, ambaye tayari alikuwa akiitwa Jicho kwa majigambo yake kwamba jicho lake linaona nusu ya milimita, akamjibu mbele ya wote:

"Futi ni kama mswaki, Dada. Haiazimwi."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Yeye akainama, akaendelea kufagia. Ila kuanzia siku ile, alichokifagia hakukitupa chote.

Alifagia miaka saba. Wakati wa chakula cha mchana, mafundi wakiwa nje kivulini, alikaa na vipande vyake akajifunza jambo ambalo wenye futi hawakuwahi kulazimika kulijifunza: kwamba kitu kinaweza kupimwa kwa kitu chenyewe. Siku moja Jicho alihangaika na droo asubuhi nzima. Alipima, akakata, ikakwama. Akapima tena, ikacheza. Alipokwenda kula, Shangazi akachukua vijiti viwili vyembamba, akavibana pamoja kwa kipande cha mpira, akavisogeza ndani ya kabati mpaka ncha hii igonge ukuta huu na ncha ile igonge ule. Akavitoa hivyo hivyo, akavilaza juu ya ubao, akachora, akakata. Kaka yake alirudi mapema akamkuta anaifungua na kuifunga droo ile, anaifungua na kuifunga, kama mtu anayesikiliza.

"Nani kakupa futi?"

"Hakuna."

Kesho yake alipewa meza ya karibu na choo. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa; hawakusema vimeundwa kwa futi ya nani.

Kaka alipofariki, mtoto wake akashika karakana. Ni kijana mzuri, lakini ni mtu wa kuogopa karatasi. Karatasi ikiwa na muhuri huishika kwa mikono miwili.

Ndipo ikaja kazi ya zahanati: makabati sita ya dawa, kila moja droo nane. Nesi mkuu alikuja mwenyewe kueleza. Alitaka droo za plaiwudi zisizo na reli za chuma, kwa sababu za chuma huota kutu. Kitako cha droo kitokeze kidogo pande zote mbili na kiteleze ndani ya mfereji uliochongwa ubavuni mwa kabati. Na alitaka jambo moja zaidi. "Usiku nachomoa droo nzima naenda nayo kitandani kwa mgonjwa," alisema. "Nikirudi sitaki kutafuta ilitoka wapi. Droo yoyote iingie popote." Hilo likaandikwa kwenye mkataba. Mchoro nao ukaja, na kwenye mchoro mfereji ulikuwa milimita kumi na nane.

Mbao zilipoletwa zilikuwa zimegongwa muhuri: kumi na nane. Shangazi akachukua kipande, akakitia kwenye kibao chake cha zamani. Kikacheza.

"Ubao huu mwongo," akasema.

"Shangazi, umeandikwa kumi na nane," akajibu mtoto wa kaka yake. "Na mchoro unasema kumi na nane. Kata kumi na nane, tulale."

"Kwenye kitambulisho changu nimeandikwa mama wa nyumbani. Umenikuta nyumbani?"

"Mimi sibishani."

"Basi usibishane. Tazama."

Akachukua mbao mbili zilizonyooka, akasimamisha kipande cha plaiwudi ile ile katikati yake, na karatasi mbili alizochana kwenye daftari akazibandika ubavuni mwa kipande. Akazisogeza mbao mpaka zikakibana, akakaza skrubu. Alipochomoa kipande na karatasi zake, uwazi ukabaki. Uwazi ule ndio ungeongoza mashine ya kuchonga mfereji: unene wa ubao wenyewe, na pumzi kidogo ya kuteleza. "Ubao nimeuuliza mwenyewe unene wake," akasema. "Sikuuliza muhuri."

Kijana akatikisa kichwa. Kabati moja akampa Jicho alitengeneze kwa mchoro, ili angalau liwepo moja la kumwonyesha kwa heshima mkaguzi atakayekuja kuyapokea makabati. Matano akamwachia Shangazi, na kwa sauti ya mtu asiye na hakika na mamlaka yake akamwamuru: kumi na nane.

Shangazi akakata kwa kibao.

Mwenye karakana aligundua siku mbili kabla ya ukaguzi, mbao zote zikiwa zimeshakatwa na kugandishwa kwa gundi. Alisimama mbele ya makabati matano. Kisha akaenda kwenye kona, akachukua ufagio, huu wa siku hizi wenye mpini mrefu, akauegemeza kwenye meza ya Shangazi.

"Mkaguzi akiyakataa, unarudi kwenye huu," akasema. "Na hivyo vibao vyako navitia moto vyote. Nimechoka, Shangazi. Watu wananicheka kwamba karakana yangu inaendeshwa na kuni."

 Mtu akazima mashine ya randa.

"Nilikubeba mgongoni miaka miwili," Shangazi akasema taratibu, "na hukuwahi kuanguka. Kitambaa nilikifunga bila kupima." Akaugusa ufagio kwa kidole, akauacha pale pale.

Usidhani hakuogopa. Ufagio ule ulikaa mezani kwake siku mbili, na kila alipoinua macho ulikuwepo. Alijua mgongo wake wa miaka hamsini na saba usingeweza tena, hata kwa mpini mrefu, kuinamia sakafu ya wengine. Alijua pia kwamba ukuta ule ukichomwa, hataweza kuutengeneza upya, kwa sababu kila kibao kilizaliwa na kosa fulani, na mtu hawezi kuyarudia makosa ya miaka kumi na tisa kwa makusudi. Aliweza kusema, "Nisamehe, mwanangu." Maneno mawili tu. Hakuyasema. Alipiga msasa.

Mkaguzi alikuja saa tatu asubuhi, kijana mwenye shati lililopigwa pasi na faili la kijani. Alianza na kabati la Jicho. Akatia kipimo chake cha chuma, chenye taya mbili, kwenye mdomo wa mfereji: kumi na nane. Akaweka alama ya vema. Jicho akajikohoza. Akaja kwa yale matano: kumi na saba na nusu. Akapima lingine: kumi na saba na nusu. Yote matano.

"Haya siyo," akasema, na kalamu ikaelekea kwenye karatasi.

"Mwanangu," Shangazi akasema, "mdomo umeupima. Pima na ulimi."

"Sijakuelewa, Mama."

"Ubao. Pima ubao unaoingia humo."

Mwenye karakana akafumba macho. Mkaguzi akapima kitako cha droo, akatazama kipimo, akakifuta kwa shati, akapima tena. Kumi na saba na kidogo. Akautazama muhuri wa kumi na nane uliokuwa kwenye ubao huo huo, kama mtu aliyemkuta mwalimu wake amekosea hesabu.

Shangazi hakungoja. Akachomoa droo ya juu ya kabati la kwanza akaisukuma kwenye kabati la tano, chini kabisa. Ikaingia na sauti ya pumzi. Akachukua ya tano akaipeleka ya pili, ya pili akaipeleka ya nne. Mkaguzi akaweka faili chini, akaanza kuzichanganya mwenyewe, haraka haraka, kama mtoto anayetafuta kuharibu. Droo arobaini, na hakuna hata moja iliyogoma.

Alipojaribu kabati la Jicho, droo ya pili ilikataa kuingia mahali pa sita. Akaipindua. Chini yake palikuwa na namba ya penseli: mbili.

"Namba za nini hizi?"

"Kila moja na chumba chake," Jicho akajibu, akitazama dari.

Mambo yalikuwa hivi: mfereji wa kumi na nane ulikuwa mpana mno kwa ubao ule, na droo zilipovutwa zilikuwa zinainamisha vichwa. Jicho akachanganya gundi na unga wa mbao ukawa uji, akaupaka ndani kabisa ya mifereji, mdomo akauacha safi kwa ajili ya wageni. Shangazi akatia ukucha, uji mkavu ukamomonyoka sakafuni.

"Shangazi, unanivua nguo mbele za watu."

"Sijakuvua kitu. Ulikuwa umevaa unga."

Mkaguzi akacheka, akajizuia. Kisha akafanya alichodhani ni ukarimu. "Sikilizeni. Matano haya ni mazuri. Hilo moja litengenezwe upya na huyu Mama. Mimi nitaandika yote kumi na nane, kama mchoro unavyotaka, tuyamalize."

"Ahsante sana, mkubwa," akasema mwenye karakana, na mabega yake yakashuka kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili.

"Hapana," akasema Shangazi.

Wote wakageuka.

"Shangazi, nakuomba," mtoto wa kaka akanong'ona. "Umeshinda. Nyamaza tu."

"Sitaki kushinda. Droo moja itavunjika siku moja. Watamwita fundi mwingine, naye atasoma karatasi ya huyu bwana, atafuata kumi na nane, na droo yake itakwama mlangoni au itacheza kama jino la mzee. Nesi atakuwa gizani na mgonjwa wake, anavuta. Atasema nani? Atasema waliotengeneza." Akamgeukia mkaguzi. "Andika ulichokiona. Au usiandike kabisa, na huyu mtoto wangu anirudishe kwenye ufagio, ule pale unanisubiri."

Mkaguzi akautazama ufagio. Hakuelewa, lakini aliona uso wa mwenye karakana, na labda hapo alielewa kiasi. "Mama, fomu ina nafasi ya namba moja tu. Na plaiwudi ijayo inaweza kuwa na unene mwingine tena."

"Hapo sasa umesema."

Shangazi akachukua kipande cha mbao kikubwa kidogo kuliko kiganja, akakitia chini ya kile kibao chake cha kuongozea mashine, akachonga mfereji mmoja. Akatoboa tundu kwenye kona, akatia kamba. "Chochote kinachoingia humu, kitaingia kwenye makabati haya. Kisichoingia, fundi apige msasa mpaka kiingie. Funga kwenye faili lako."

Mkaguzi akaokota faili lake. Kisha akaikata kwa mstari mmoja ile kumi na nane aliyokwisha kuiandika, akaandika juu yake: *tazama kibao*. Akatia sahihi. Faili lile la kijani likatoka karakanani limevimba, kipande cha mbao kikigongagonga paja la mkaguzi kila alipopiga hatua.

 Alipokwisha kuondoka, mwenye karakana alikuja mpaka mwisho wa chumba, akanyoosha mkono kuuchukua ufagio aurudishe kona. Shangazi akamwahi. Akauweka kwenye jiriwa, akakaza, akachukua msumeno, akaukata mpini kipande kwa kipande, kila kimoja sawa na kidole chake cha kati. Vikawa vigingi kumi na vitano. Akachukua koleo na drili, akaanza kung'oa ile misumari yenye kutu na kutoboa ukuta mahali pa vigingi vya kutundikia vibao vyake.

"Shangazi!" kijana akasema. "Sasa tutafagia na nini?"

"Kichwa cha ufagio kipo hapo chini," akajibu bila kugeuka, kigingi mdomoni. "Mtainama. Mimi niliinama miaka saba."