Ndege wa Udongo kwa Mzee Salim

Nimerudi Nakuru kutoka chuo kikuu na tabia ya kubishia kila kitu, na wiki jana tabia hiyo ilinivua nguo. Baba, mzee wa kanisa, alinipeleka kwa rafiki yake Mzee Salim, fundi cherehani, anishonee koti la kufundishia darasa la ubatizo. Akinipima mabega, Salim akanisimulia jinsi Kurani inavyosema Nabii Isa alifinyanga ndege wa udongo, akawapulizia, wakaruka kwa idhini ya Mungu.

"Hiyo mmeiazima kwetu, mzee," nikasema. "Iko kwenye Biblia."

"Wapi?"

"Luka. Naijua tangu utoto."

Ukweli ni kwamba niliisoma chuoni, katika kitabu cha hekaya za Wakristo wa kale, na nikadhani lazima Biblia nayo inayo. Salim akashusha Biblia kutoka rafuni kwake. Nikafunua Luka, nikafunua Mathayo, jasho likinitiririka.

"Usijichoshe, mwanangu," akaniambia kwa upole. "Mimi nimeisoma yote. Haimo."

Baba akainuka kwenye benchi. "Salim, wacha kupima. Jumapili huyu atakaa na wanafunzi."