Hakuna Kanga Anayeitwa Wale

Nakumbuka asubuhi moja, mvua za kwanza zimekata kidogo, kanga waliposhuka shambani kwetu kule Bukombe na kuanza kufukua karanga tulizopanda jana yake. Ilikuwa mbegu yetu ya mwisho. Baba alikuwa amekwisha fariki, na mama alisimama ukingoni mwa shamba na jembe lake, hana la kufanya. Mjomba Masanja, kaka yake, ndiye aliyekuwa na gobore, tena lenye kibali, naye akanikabidhi mimi. Nilikuwa ndiyo kwanza naota ndevu, mwanangu, na nilijiona mwindaji kamili.

Kanga walikuwa wengi, wamesongamana. Nikasema moyoni, hapa hata kipofu hakosi. Nikafyatua. Moshi ulipotawanyika, kanga wote walikuwa juu ya miti, wazima, wakinipigia kelele.

Mjomba hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ulimlenga yupi?"

Nikamjibu kwamba niliwalenga wale.

"Hakuna kanga anayeitwa wale, mpwa wangu. Chagua mmoja. Wengine waache, hata wakikupita mbele ya pua."

Gobore si bunduki ya kisasa. Ukishafyatua, unaanza upya: umimine baruti, ushindilie kitambaa kwa ufito, utie vipande vya chuma, ushindilie tena. Wakati huo mnyama amekwisha vuka wilaya. Ndiyo maana mwindaji alichagua kwanza kile atakachokipiga, na hicho ndicho shabaha. Neno limetoka porini likaingia midomoni mwetu, na leo hata mgombea udiwani asiyejua kushika manati anatuambia ana shabaha.

Jioni kanga walirudi. Nilimchagua dume aliyetangulia, nikamkazia macho mpaka nikawasahau wenzake. Akaanguka. Waliobaki walikimbia, hawakuthubutu tena, na karanga zetu zikaota.

Miaka ikapita, nikajikuta Nyarugusu, ndani ya duara, shimo la dhahabu, pamoja na wenzangu. Nilikwenda kwa jambo moja: kumwezekea mama nyumba ya bati. Hatujaufikia mwamba wenye mali, ikaja habari kwamba kilima cha pili kumetema, dhahabu inatoka. Unajua mwenyewe neno hilo linavyowatia watu wazimu. Rafiki yangu Luhende alifunga virago chai yake haijapoa, akanisihi tuondoke wote. Miguu yangu ilitaka kwenda, sikufichi. Lakini akilini nilimwona mama kule nyumbani akihamisha sufuria usiku kucha kukinga matone ya mvua, nikashika sururu nikateremka tena shimoni.

Duara lile halikumtajirisha mtu. Lilitoa kidogo kidogo, nasi tukalivumilia, na masika yaliyofuata mama alilala pakavu. Luhende alihama kila aliposikia kelele, na anahama mpaka leo na mvi zake. Ananizidi nguvu, ananizidi hata bidii. Namwonea huruma sana, kwa maana nguvu zile zingejenga vijiji.

Sasa mama yako ameniambia kwamba huko Nyahanga, kwa fundi wako wa kuchomelea vyuma, umekwisha funga begi. Umebakiza kidogo uhitimu, lakini umesikia mahali kumetema, na vijana wenzako wote wanapakia pikipiki. Mwanangu, sikukatazi dhahabu. Imesomesha watoto wengi wa Kisukuma na Kisumbwa, na mimi mwenyewe nimeila. Ninachokukataza ni kwenda kwa sababu wengine wanakwenda. Mshika mbili moja humponyoka, na wewe unataka kushika kumi.

Basi, kabla pikipiki haijapiga honi mlangoni, kaa chini peke yako utaje kwa sauti jambo moja unalotaka mikono yako ilifanye maishani. Ikiwa ni kuchimba, nenda ukachimbe, na usirudi nyuma kwa jasho la siku ya kwanza. Ikiwa ni karakana yako mwenyewe, fungua begi hilo sasa hivi, nguo uzirudishe kwenye msumari, na kesho uwahi kwa fundi kabla yeye hajafungua mlango. Wakikucheka, waamkie vizuri uendelee na kazi.

Mungu akutulize moyo, mwanangu. Akuoneshe lililo lako, akupe ukaidi wa kubaki nalo siku ambayo kila mtu anakimbia.